Maswali ya Wasomaji: Muziki wa Gemu Umeingia Ukumbi wa Okestra

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja: muziki uliotungwa kwa ajili ya michezo ya video, ambao sasa unapigwa na okestra kubwa na kupewa tuzo. Barua tumezifupisha. Majibu yamebaki marefu pale palipostahili.

Kijana wangu wa miaka 14 anajifunza piano. Mwalimu wake anasema muziki wa gemu ni makelele ya kuchezea na hautakuwa klasiki hata siku moja. Kijana naye kanionyesha video ya okestra nzima, watu na suti zao, wanapiga muziki wa Final Fantasy. Nimwamini nani? — Mama Watatu, Tanga

Mama, mwalimu ana hoja moja nzuri na kijana anazo mbili, ila ile ya suti haimo. Okestra ikivaa suti ikapiga tangazo la sabuni, litabaki tangazo la sabuni. La kuuliza ni kama nota zenyewe zinasimama baada ya skrini kuzimwa.

Hoja ya kwanza ya kijana ni historia. Kumtungia mtu muziki wa kusindikiza kitu kingine hakujawahi kuwa aibu kwenye klasiki. Edvard Grieg alitunga Peer Gynt kwa ajili ya tamthilia ya Ibsen iliyochezwa na muziki huo mwaka 1876. Sergei Prokofiev alitungia filamu mwaka 1938, kisha mwaka 1939 akaichukua kazi ileile akaigeuza kuwa kantata ya kwaya na okestra, Alexander Nevsky. Ralph Vaughan Williams alitunga muziki wa filamu iliyotoka mwaka 1948 kuhusu safari ya Scott kwenye barafu la Antaktika, na kutoka humo ikazaliwa simfoni yake ya saba, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1953. Wote walifanya kazi ya fundi cherehani: wakafumua vipande vifupi vilivyokatwa kwa kipimo cha picha, wakavishona upya viwe vazi moja.

Watunzi wa gemu wamefuata njia hiyohiyo. Koichi Sugiyama wa Japani alikuwa na miaka 55 na jina lake tayari alipotunga muziki wa Dragon Quest ya kwanza mwaka 1986. Agosti 1987 muziki huo ukapigwa jukwaani Tokyo. Nje ya Japani, onyesho la kwanza la aina hiyo lilifanyika Leipzig, Ujerumani, Agosti 2003, ndani ya Gewandhaus. Ukumbi huo ni makao ya mojawapo ya okestra kongwe kabisa za Ulaya, na jina hilo mwalimu wa piano hawezi kulibeza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Mwaka 2013 ilitoka mipangilio ya okestra iitwayo Final Symphony, iliyozinduliwa Wuppertal, Ujerumani, na mwezi huohuo ikapigwa na London Symphony Orchestra. Gemu ya sita ya Final Fantasy ilipangwa kama shairi la okestra, ya saba kama simfoni ya sehemu tatu, ya kumi kama konseto ya piano. Hapo huletewi nyimbo pendwa zikipangwa foleni. Wazo moja la Nobuo Uematsu, mtunzi wa Final Fantasy, linatupwa kwa selo, linageuzwa kichwa chini, linagongana na wazo jingine, linarudi limechoka. Kazi hiyo ya kukuza wazo ndiyo tunayoipima tunaposema muziki ni wa dhati, uwe umetoka kanisani, kwenye filamu au kwenye gemu.

Sasa hoja ya mwalimu. Vipande vingi vya gemu vilitungwa vizunguke: dakika moja au mbili, kisha kurudi mwanzo, mpaka mchezaji aondoke eneo lile. Kimakusudi haviendi popote. Kijana akikalia hivyo peke yake, mkono wa kushoto utajua mitindo miwili mitatu tu na akili haitajifunza kufuata hoja ndefu. Mwafaka ni wiki moja kuwa na kazi mbili, invensheni moja ya Bach (kipande kifupi cha mazoezi) na kipande kimoja cha gemu, na cha gemu kitoke kwenye kitabu rasmi kama vile mfululizo wa Piano Collections wa Final Fantasy. Hivyo vitabu si vya wanaoanza. Akiwa bado mchanga, asubiri.

Mwonye kuhusu nota za bure za mtandaoni. Nyingi zimetolewa na programu iliyobadili faili la MIDI (maagizo ya muziki kwa kompyuta) kuwa nota bila mtu kuzipitia. Dalili zake ziko wazi: mkono wa kushoto unatakiwa kunyoosha nota kumi na mbili kwa mwendo wa kasi, mapumziko madogomadogo yametapakaa kila mahali, na nota moja imeandikiwa vidole viwili. Akiona hivyo aifunge karatasi, la sivyo atajiumiza kifundo cha mkono bure.

Na mwalimu akizidi kukaza, mweleze kwamba Tetris ya Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na nyimbo tatu za kuchagua, na ile ya herufi C ilikuwa minueti kutoka French Suite namba 3 ya J. S. Bach. Huenda akacheka.

Kwaya yetu ya watu 24 inataka kuimba "Baba Yetu" ya Christopher Tin kwenye tamasha. Baadhi ya wanakwaya wanasema Kiswahili chake si cha kwetu, na kuna mahali wanaimba "uliye M" halafu neno linakatika. Sisi tunatumia sol-fa (nota za do-re-mi), okestra hatuna, kuna kinanda na ngoma tu. Tufanyeje? — Mwalimu wa kwaya, Bukoba

Mwalimu, hongereni kwa kuchagua kipande chenye deni kwa lugha yetu. Kilitungwa kiwe wimbo wa kufungulia gemu ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, na humo kiliimbwa na Talisman, kundi la waimbaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 Tin alikiweka mwanzoni mwa albamu yake Calling All Dawns, safari hii kikiimbwa na Soweto Gospel Choir. Februari 2011 kikapata Grammy ya upangaji wa ala unaosindikiza waimbaji, nacho kikawa kipande cha kwanza cha gemu kupata tuzo hiyo. Yaani mlango wa Grammy ulifunguliwa kwa Kiswahili.

Kuhusu maneno, wanakwaya wako hawajakosea, ila tatizo si Kiswahili kibovu. Linganisha na vitabu. Wakatoliki husali "mkate wetu wa kila siku" na "utuopoe maovuni". Biblia ya Union ina "ufalme wako uje" na "utupe leo riziki yetu". Wimbo una "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", kisha "chakula chetu tunachohitaji", kisha "utuokoe na yule mwovu". Fungua Biblia Habari Njema, Mathayo 6, utayakuta hayo karibu neno kwa neno. Kwa hiyo ni Sala ya Bwana kwa tafsiri ambayo wengi hawaisali kwa mdomo. Kwenye tamasha haina shida yoyote. Mkitaka kuiweka mahali pa sala yenyewe ndani ya ibada, muulizeni kwanza padri au mchungaji, kwa kuwa hapo maneno yana utaratibu wake.

Yanayokwaza masikio ni mambo matatu. La kwanza ni hiyo M. Katika "mtu" au "mti", m ni silabi kamili, inabeba pigo lake yenyewe. Katika "mbinguni" haiko hivyo: m imeshikana na b, na silabi ni tatu, mbi-ngu-ni. Mtunzi aliikata hapo ili iingie "jina lako", na M ikabaki inaning'inia. Msijaribu kuibadili kuwa neno. Fungeni midomo, mvume kwa ulaini kwenye nota hiyo, na kiongozi aingie na "jina lako" kwa sauti kamili. Msikilizaji Mswahili atalimalizia neno mwenyewe kichwani, kama tunavyofanya mtu anaposema "asan—" akaishia hapo.

La pili ni "mbinguni yetu, yetu". Likisomwa pamoja linakuwa kosa, kwani mbinguni ingefuatwa na "kwetu". Hizo "yetu" ni mwangwi wa "Baba yetu" wa mwanzo. Andikeni alama ya pumzi baada ya "mbinguni", hata iwe pumzi ya robo pigo, na maana itarudi mahali pake.

La tatu ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: litu-KU-zwe, mbi-NGU-ni, tunachohi-TA-ji. Kwaya za ng'ambo huimba "litukuzuwe", silabi tano. Kwaya zetu hazina kosa hilo, lakini zina lake: zikiiga rekodi zinaiga na lafudhi yake. Kabla ya kuimba, semeni maneno yote kwa mapigo, bila sauti za wimbo, mara nne au tano, huku mmoja akipiga makofi. Mahali ulimi unapojikwaa ndipo mtakapopungua siku ya tamasha.

Tuje kwenye sol-fa. Usiinakili kwa sikio kutoka kwenye video. Sauti ya kwanza utaipata na besi utaipata, lakini sauti ya pili na ya tatu utakuwa umezitunga mwenyewe, na zitagombana na kinanda. Nunua nota halali za kwaya, mwandikie mchapishaji uombe ruhusa ya kuziweka kwenye sol-fa kwa matumizi ya kwaya yako, na barua ya majibu uitunze. Kisha fuata mpangilio huu. Namba za vipimo kwenye sol-fa ziwe zilezile za nota za mistari mitano anazosoma mpiga kinanda, ili ukisema "turudi kipimo cha 33" wote wafike pamoja. Andika sauti zote nne, moja chini ya nyingine, hata kama zinaimba kitu kimoja. Ufunguo ukibadilika, andika nota ya daraja, yaani ile moja yenye majina mawili, la zamani na jipya, na uizungushie duara. Huko kwenye daraja ndiko kwaya nyingi huzama.

Kwa watu 24 tungegawa hivi: sauti ya kwanza 7, ya pili 6, ya tatu 5, ya nne 6, na kiongozi wa wimbo atoke nje ya hesabu hiyo kama mnaye wa kutosha. Sehemu za kuitikia zina nguvu kwa sababu kiongozi yuko peke yake. Akiimba ndani ya kundi, tofauti inapotea. Panga mazoezi 8 ya dakika 90. Mawili ya kwanza yawe ya maneno na mapigo tu, matatu ya sauti mojamoja, mawili ya kuunganisha, la mwisho na ala zote mahali penyewe.

Kinanda kishike kazi ya nyuzi: sauti ndefu, chini ya waimbaji. Asiguse kila nota iliyoandikwa kwa okestra. Ngoma zianze kidogo na kuongezeka, maana kipande chote kimejengwa kwa kupanda, na mpigaji akimaliza nguvu katika dakika ya kwanza hakuna pa kwenda. Ngoma mbili zinatosha, moja nzito na moja kali.

Mkishawishika kutumia muziki uliorekodiwa badala ya kinanda, jueni kwamba rekodi haimsubiri mtu. Spika ya kuwasikilizisha waimbaji iwe ndani ya mita 3 kutoka walipo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde; spika ikiwa mita 17, nyuma ya kanisa, kwaya inasikia kwa kuchelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Wao wataimba wakichelewa hivyo, na sauti yao itachelewa tena kumfikia aliyeketi nyuma. Yeye atasikia kwaya inaburuta kwa sehemu moja ya kumi, wakati ninyi mnaapa mlikuwa sawa.

Shikamooni. Babu alikuwa na mashine ya zamani ya Nintendo. Muziki wake ni milio ya "pii pii" tu. Inakuwaje watu wasema mle mna utunzi wa kiwango cha juu? — Kijana wa kidato cha pili, Kisumu

Marahaba. Mashine hiyo, iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ilikuwa na njia tano za sauti. Mbili zilitoa wimbi la mraba, zenye mlio mkali kama filimbi ya plastiki. Moja ilitoa wimbi la pembetatu, laini, iliyotumika kama besi, na haikuwa na kipunguza sauti: ama inalia ama imenyamaza. Ya nne ilitoa kelele ya "tshh" kwa ajili ya ngoma, na ya tano ilicheza vipande vidogo vya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa chini.

Kwa wimbo wenyewe, basi, mtunzi alibaki na sauti tatu. Mlio wa mchezo ukihitajika, mfano kuruka au kupigwa, uliiba njia mojawapo na wimbo ukabaki na mbili. Hapo huwezi kuficha utunzi dhaifu nyuma ya vinanda hamsini. Kila sauti lazima iwe na mwendo wake na bado zipatane, jambo ambalo watunzi wa zama za Bach walilifanyia kazi maisha yao yote. Sugiyama, aliyeipenda sana klasiki, aliliona hilo mapema. Ndiyo sababu muziki wake ulihamia okestra kwa urahisi: mifupa ilikuwa tayari kamili.

Palikuwa na ujanja pia. Ukitaka sauti tatu zisikike pamoja na una njia moja, unazipiga kwa zamu haraka sana, hata mara 60 kwa sekunde, na sikio linazichanganya kuwa mlio mmoja unaotetemeka. Ukisikia mlio wa "brrring" kwenye gemu za zamani, ndio huo.

Jaribu mwenyewe. Chukua programu yoyote ya bure ya kutengenezea muziki kwenye simu, jiwekee sauti tatu tu, andika vipimo 8. Kanuni mbili: sauti ya juu ikipanda, besi ijitahidi kushuka, na sauti mbili za juu zisitembee kwa umbali uleule kwa zaidi ya nota tatu au nne mfululizo. Halafu zima sauti moja moja. Ukizima moja na hakuna kilichopungua, hiyo haikuwa na kazi.

Ninatunga muziki kwa kompyuta na nimepata rafiki anayetengeneza gemu ya simu. Kila nikimpa wimbo, unapojirudia kuna mkato au kimya kidogo. Pia anataka muziki uongezeke adui anapotokea. — Mwanafunzi, Nairobi

Kimya hicho karibu kila mara ni MP3. Aina hiyo ya faili hufungasha sauti kwa vifurushi vya sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), huongeza kimya mwanzoni, na kifurushi cha mwisho kisipojaa huongezewa kimya pia. Mpe WAV au OGG, na tatizo litaondoka bila wewe kugusa wimbo.

Likibaki, angalia hesabu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2, vipimo 16 ni sekunde 32. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, faili liwe na sampuli 1,536,000, si moja zaidi wala pungufu. Mwendo wa 125 nao ni mzuri, pigo moja linaangukia sampuli 23,040 kamili. Ukichagua 130 unapata desimali, na kila programu itaikata inavyopenda.

Mkato wa pili unatokana na mwangwi. Nota ya mwisho bado inalia ukumbini wakati faili linakatika, kisha mwanzo unaingia mkavu. Dawa yake ni ya zamani: piga mzunguko mara mbili mfululizo, toa faili, kisha kata duru ya pili peke yake. Sasa mwanzo wake umebeba mkia wa mwisho, na mshono hauonekani. Ukisikia "tik" kwenye mshono, sogeza mkato hadi mahali wimbi linapovuka sifuri.

Kuhusu adui, kuna njia mbili, na LucasArts, kampuni ya gemu ya Marekani, walishakuwa na mfumo wao wa kufanya hivyo mwaka 1991, uitwao iMUSE. Ya kwanza ni kurundika matabaka: selo na besi faili moja, violini faili la pili, shaba na ngoma la tatu. Yote urefu mmoja, mwendo mmoja, yaanze kwa pamoja hata kama mawili yamezimwa sauti, na adui akitokea yafunguliwe polepole kwa sekunde 1 hadi 2. Kosa la kawaida ni kuanzisha tabaka la tatu pale adui anapotokea. Litaingia katikati ya pigo. Kosa la pili ni kusawazisha kila tabaka peke yake likiwa na nguvu zote, kisha matatu yakikutana spika inapasuka. Yapime yote yakilia pamoja, na kilele kisipite desibeli 6 chini ya kikomo.

Njia ya pili ni kuruka: vipande vifupi vinavyofuatana kwa mpangilio unaoamuliwa na mchezo. Ruka mwishoni mwa kipimo tu, na hakikisha kila kipande kinaweza kupokewa na kingine bila sauti kugongana. Ni ngumu zaidi. Programu kama FMOD na Wwise zinafanya njia zote mbili.

Usisahau uzito kwenye simu. Tabaka moja la sekunde 32, pande mbili, biti 24, ni kama megabaiti 9.2; matatu ni karibu 28. OGG ya kilobiti 128 ni nusu megabaiti hivi kwa tabaka. Tunga na uhifadhi kwa WAV, rafiki yako apakie OGG.

Na ukija kuitaka kazi hiyo jukwaani siku moja, hifadhi nota, siyo sauti peke yake. Mpangaji wa okestra hawezi kufumua faili la sauti.

Je, ni kweli sasa Grammy wana tuzo maalumu ya muziki wa gemu? — Msomaji, Dodoma

Ndiyo. Ilitolewa mara ya kwanza Februari 2023, akaipata Stephanie Economou kwa Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök. Kabla ya hapo gemu zilishindanishwa na filamu na runinga. Mtunzi Austin Wintory aliteuliwa humo kwa gemu ya Journey. Uingereza walitangulia: tuzo za Ivor Novello zina kipengele cha gemu tangu 2010. Na mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo wa Super Mario Bros. wa Koji Kondo katika hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Watu hupenda kututajia pia kura ya wasikilizaji wa redio ya Classic FM ya Uingereza, ambapo mwaka 2013 Final Fantasy ilishika nafasi ya 3 na The Elder Scrolls ya 5. Ni kweli, lakini mashabiki walipiga kampeni kama za ubunge. Kura inapima mapenzi.

Naishi London. Nataka kumpeleka mwanangu kwenye onyesho la muziki wa gemu. Nichague vipi? — Baba wa Temeke ughaibuni

Uliza swali moja kabla ya kulipa: kuna skrini? Maonyesho yenye skrini na taa, mfano Video Games Live iliyoanzia Hollywood Bowl mwaka 2005, humfaa mtoto anayejua gemu. Kiongozi wa okestra huvaa kifaa cha sikioni chenye mlio wa mapigo ili muziki ulingane na picha, na kwa sababu hiyo mwendo haupumui: hawezi kuchelewesha nota hata kama ukumbi mzima unaitaka. Maonyesho yasiyo na skrini, kama yale ya Final Symphony, yanaachia mwendo, na mtu mzima asiyejua gemu hata moja atayafaidi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kulala.

BBC Proms, tamasha kubwa la muziki wa klasiki la London, waliweka usiku wa gemu tarehe 1 Agosti 2022, Royal Albert Hall, Royal Philharmonic ikiongozwa na Robert Ames. Proms huwa wanauza tiketi za kusimama siku yenyewe kwa bei nafuu kuliko viti. Mtoto mfupi kusimama nyuma ya watu haoni kitu. Fika mapema mshike mbele. Makofi kwenye maonyesho haya hayana masharti kama ya simfoni za kawaida, ila kwenye kazi ya sehemu tatu subirini mpaka kiongozi ashushe mikono.

Nina kinanda kidogo na ninajua sol-fa. Nianze na wimbo gani wa gemu, usionipeleka mahakamani? — Mwanafunzi wa ualimu, Kigoma

Anza na ule wa herufi A kwenye Tetris ya Game Boy. Ni wimbo wa watu wa Urusi wa karne ya 19, Korobeiniki, na maana ya jina ni wachuuzi wanaotembeza bidhaa. Kariakoo wangeitwa wamachinga. Wimbo wenyewe hauna mwenyewe tena, ila usiige mpango wa ala wa gemu. Tengeneza wako.

Do iwe C. Wimbo unatulia kwenye la. Alama ya mkato baada ya herufi ni sauti ya chini:

m – t, d – r – d t,
l, – l, d – m – r d
t, – d – r – m
d – l, – l,

Kila mstari una mapigo manne. Mstari wa kwanza: m pigo moja, t, na d nusunusu, r moja, d na t, nusunusu. Wa pili unafuata mfumo uleule. Wa tatu: t, pigo moja na nusu, d nusu, r moja, m moja. Wa nne: d moja, l, moja, l, mbili. Mkono wa kushoto upige m ya chini kwenye mstari wa kwanza na wa tatu, na l, kwenye wa pili na wa nne. Anza kwa mapigo 72 kwa dakika. Wengi huharibu mstari wa tatu kwa kuifupisha t, na kuiwahisha d. Hesabu "moja-na-mbili-na", d iingie kwenye "na" ya pili. Ukiweza mara tano bila kosa, panda hadi 84, kisha 96, na huko juu ya 140 waachie wenye gemu.